Sheria ya Chakula Kinachocheka

Mniitikie msiniitikie, mimi nasimulia. Kuna nchi inaitwa Bwerere. Iko wapi, msiniulize, maana wenyewe hawapendi kuulizwa. Mimi sina neno nayo. Naisifu tu, kama anavyoisifu kila mtu aliyewahi kupita pale akataka kutoka salama.

Katika nchi hiyo watoto wadogo wa shule walikuwa wakipewa uji. Ulipikwa nyuma ya madarasa kwenye sufuria moja kubwa, unga wa mahindi na soya kidogo, una vibonge, na sukari siku ipo siku haipo. Lakini ulikuwa wa moto, na ulikuwa wa kila mtu. Mtoto alipanga foleni na kikombe chake, akanywa, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akarudi darasani. Hakuna aliyewahi kuusifu uji ule mpaka siku ulipoondolewa.

Uliondolewa hivi. Waziri wa Furaha na Lishe ya Watoto, Mheshimiwa Daktari Kibwando (udaktari alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe), alisafiri ng'ambo kwenda kwenye mkutano kuhusu njaa. Mkutano ulikuwa na mapumziko mengi ya kula. Katika pumziko mojawapo akaonyeshwa kontena la chakula la mtoto wa huko: karoti zimekatwa maua, wali umefinyangwa sungura, yai lina macho, na kipande cha tango kimepinda kama mdomo wa mtu anayecheka. Mheshimiwa akatokwa na machozi. Aliporudi nyumbani alilia tena pale uwanja wa ndege, kwa sababu kile kilio cha kwanza hakikupigwa picha.

"Ndugu wananchi!" alisema, leso mkononi. "Nimeona chakula kinamchekea mtoto! Nikajiuliza, chakula chetu sisi kimenuna kwa nini? Nani kakiudhi? Basi kuanzia Jumatatu kila mtoto wa chekechea hadi darasa la tatu atabeba kutoka kwao mlo wenye afya na wenye kucheka. Na ule uji, ndugu zangu, nimeutazama sana. Nimeutazama hivi, nikautazama hivi. Uji hauna uso!"

Watu wakapiga makofi. Sufuria zikapakiwa kwenye lori zikapelekwa makumbusho, na Sheria ya Chakula Kinachocheka ikapita bungeni asubuhi ileile bila mjadala, maana wabunge nao walikuwa na haraka ya kwenda kula.

*

Sasa katika mtaa wa Misufini alikuwapo mama mmoja, jina lake Siwatu, kazi yake kusuka nywele. Mumewe alikuwa kibaruani mji mwingine, akija kwa msimu. Nyumbani alibaki yeye na binti yake Tunu, wa miaka sita, mwembamba wa kuzaliwa, kang'oka meno ya mbele, akicheka unaona ulimi wote.

Tunu aliwahi kuugua sana. Alipopona, muuguzi wa zahanati alimshika Siwatu mkono akamwambia, "Mama Tunu, mtoto huyu mwili wake hauna akiba. Akikosa chakula cha mchana, anaishiwa nguvu, anaanguka. Cha asubuhi hakitoshi, cha jioni kinachelewa. Asikose cha mchana." Siwatu aliyashika maneno yale kuliko alivyoshika sala zake. Kwa hiyo uji ulipopelekwa makumbusho, wengine walicheka, yeye alianza kuhesabu senti za mayai.

Na kulikuwa na jambo moja alilojivunia kwa mtoto wake, nalo ni adabu. Alimfundisha kama alivyofundishwa na mama yake: ukila, mtu akasimama anakutazama, mkaribishe. Naye mtu huyo, kama kalelewa, atasema "Starehe," au "Nimetoka kula sasa hivi," hata kama tangu jana hajatia kitu tumboni. Ukimbembeleza sana atamega tonge moja la baraka, atashukuru, ataendelea na safari yake. Ndivyo watu wa Bwerere walivyoishi miaka yote, wakikaribishana na kukataliana, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya kukaribisha.

Jumatatu hiyo Siwatu aliingia jikoni kukipambazuka. Alichemsha yai, akalimenya, akalitia macho ya punje za pilipili manga. Kiazi kitamu akakikata nyota. Mchicha akaupanga juu ya yai uwe nywele, na kwa kuwa mwenyewe ni msusi, akazisuka. Mdomo akaufanya wa papai, kipande chekundu kilichopinda kikacheka hasa. Tunu alipofunuliwa kontena alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mama, kafanana na Bi Mkunde!"

"Wee! Shika adabu yako." Siwatu akageukia pembeni kucheka, maana kweli yai lile lilifanana na jirani yao Bi Mkunde, kama ndugu wa tumbo moja.

Getini pa shule walimkuta Bwana Matimbwa, Mkaguzi wa Tabasamu Daraja la Kwanza. Amekaa kitini, kitambaa cheupe kafunga shingoni, na kifuani ananing'iniza uma wa shaba kwenye mnyororo. Serikali haikumpa kalamu wala daftari, ilimpa uma. Mimi nilidhani stoo walikosea.

Siwatu akaagana na mwanawe, akaondoka kuwahi wateja. Tunu akafika mbele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Funua."

Tunu akafunua. Bwana Matimbwa akainuka, akainama juu ya kontena, akatazama. Sheria inasema mkaguzi akitazame chakula mpaka chakula kimchekee. Alitazama, akameza mate, akatazama tena. Tunu akaona mtu mzima kasimama juu ya chakula chake anakitazama, akafanya kama alivyofundishwa. Akalinyanyua kontena kwa mikono miwili.

"Karibu, babu."

Mtu mwingine yeyote katika Bwerere angesema starehe. Bwana Matimbwa akasema, "Haya, nimekaribia," akauchoma mdomo wa papai kwa uma wa serikali, akautia kinywani. Akatafuna, akafuta midevu, akainama tena.

"Hili yai mbona halicheki?"

"Lilikuwa linacheka, babu."

"Habari za lilikuwa mimi sizijui. Mimi nakagua sasa hivi. Lina macho tu, linanikodolea. Chakula kilichonuna hakiingii shuleni."

Akalizuia yai. Na kwa kuwa Wizara ilikuwa haijajenga ghala la vyakula vilivyozuiwa, alilizuia tumboni mwake. Nyota ya kiazi nayo akaimaliza, kwa kupima afya.

Jioni Tunu alirudi anatembea kwa kushika kuta.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula nywele," Tunu akasema, akalala mlangoni na sare yake.

*

Kesho yake Siwatu alikwenda shuleni miguu haigusi chini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Eufrasia, alikuwa mama mtu mzima mwenye huruma nyingi asiyekuwa na pa kuitumia. Alifunga mlango wa ofisi, kisha dirisha, kisha akanong'ona.

"Mama Tunu, najua. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi mwambieni aache! Mtu mzima mzima anakula chakula cha mtoto?"

"Hakunyang'anya, mama. Hapo ndipo penye tabu. Nimemuuliza. Anasema, 'Nilikaribishwa. Ningekataa ingekuwa dharau kwa mtoto.' Na kweli mtoto alikaribisha, tulisikia sote."

"Mwalimu, hata wewe ukikaribishwa unasema starehe!"

"Mimi nasema starehe kwa sababu mama yangu alinifundisha. Wale wamefundishwa semina." Mwalimu Eufrasia akajipepea kwa mkono. "Shukuru wewe limekuponza yai tu. Mtaa wa pili kuna baba kamfinyangia mwanawe ugali wenye uso. Mashavu yakamzidi kidogo. Wakaguzi wakasema, huyu si Mheshimiwa Kibwando huyu? Yule baba akaapa si yeye. Wakamuuliza, kwa hiyo unasema Mheshimiwa hafai kuwa ugali? Mtoto naye alikuwa keshamega sikio. Mpaka leo baba yuko ndani, na ugali uko kwa mwanasheria mkuu."

Siwatu alicheka, kisha akajisikia vibaya kwa kucheka. Alimwuliza mwalimu afanye nini. Mwalimu akasema hajui. Alilisema neno hilo kwa upole sana, akamsindikiza mpaka getini, na getini akampa Bwana Matimbwa mkono.

Basi Siwatu akafanya hesabu ya mama yeyote. Kama wakubwa wanataka kula, wale, wabakize. Akaanza kufunga chakula cha watu wawili. Juu akaweka cha mkaguzi: samaki wa kukaanga mwenye kofia ya nyanya. Chini, kafunika kwa jani la mgomba, akaweka cha Tunu. Akamwelekeza mwanawe, "Akila cha juu, wewe funika uende zako." Siku ile Tunu alirudi kashiba nusu, na Siwatu akaimba akisuka.

Lakini mwonja asali haonji mara moja, na akionja hukosi kumsikia akisimulia. Bwana Matimbwa alikwenda kuripoti wilayani kwamba Misufini kuna samaki anacheka mpaka magego. Kesho yake getini palikuwa na viti viwili. Kesho kutwa akaja Mratibu wa Rangi za Chakula na dereva wake. Siwatu akaongeza chakula. Wakaja wa mkoani, uma zao za fedha, na mmoja kazi yake ilikuwa kusikiliza tu kama karanga zinalia vizuri mdomoni. Siwatu akaongeza tena, akasuka vichwa mpaka vidole vikavimba, akabeba kontena la kila rangi. Alivyozidi kuongeza ndivyo walivyozidi kuja. Kila mmoja alikuja na uma wake na semina yake, na kila mmoja Tunu alimwamkia, akanyanyua mikono miwili, akamwambia karibu.

Wakalifikia jani la mgomba, wakalifunua. Siwatu akajaribu kumfichia mwanawe karanga za kuchemsha ndani ya soksi. Zikapatikana. "Hazina uso," akasema Bwana Matimbwa kwa masikitiko, huku anazimenya.

*

"Mwenzangu, wewe ndiye unayejiponza," akasema Bi Mkunde. Alikuwa mwanamke wa maneno makavu, kaja kusukwa, kichwa kiko mapajani mwa Siwatu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wana mwezi. Mwambie mtoto asiwakaribishe. Asipowakaribisha watakula kwa kisingizio gani?"

"Bi Mkunde, nimfundishe mwanangu uchoyo?"

"Mfundishe kula."

Siwatu akaendelea kusuka. Alimkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa akisema mtoto asiyekaribisha ni kama nyumba isiyo na mlango. Aliona aibu kama vile mama yake yuko pale chumbani. Halafu akamtazama Tunu, amejilaza kwenye mkeka saa ambazo wenzake wanaruka kamba, viwiko vimetokeza, na aibu ikashindwa. Akamwita.

"Tunu mama. Kesho babu wa getini akitazama chakula chako, usimkaribishe."

Tunu alishangaa. "Akisimama pale pale?"

"Hata akisimama."

"Si ulisema ni adabu?"

"Nilisema. Sasa nasema usimkaribishe."

Kesho yake Tunu alifika getini, akaamkia, akafunua, akaubana mdomo mpaka mashavu yakaingia ndani. Wakaguzi wakatazama. Wakasubiri. Mmoja akakohoa kumkumbusha. Bwana Matimbwa akainama, akasema kwa sauti tamu, "Eeh? Unasemaje, binti?" Tunu machozi yakamlenga, maana hakuzoea kumnyima mtu, lakini mdomo hakuufungua. Zile uma zilikaa hewani muda mrefu. Kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ianze, mtoto mmoja wa shule ile akaingia darasani na chakula kizima, akala mpaka akapiga mbweu.

Kabla ya jua kutua, gari la Wizara lilikuwa limesimama mlangoni kwa Siwatu.

*

Mheshimiwa Kibwando alimpokea ofisini, mezani pana sahani ya matunda yaliyokatwa kasuku. Nyuma yake walisimama Bwana Matimbwa na wenzake, wamenywea kama watu waliofiwa.

"Mama," akaanza Mheshimiwa, "nimetumikia nchi hii katika wizara nyingi. Nimetukanwa, nimesamehe. Lakini sijawahi kusikia mtoto wa miaka sita anaifungia Serikali mdomo. Vijana wangu hawa hawajalala. Huyu hapa amekonda."

Siwatu akamtazama aliyeonyeshwa. Alikuwa Bwana Matimbwa, na kifungo cha tumboni kilikuwa kinashikilia kwa uzi mmoja.

"Mheshimiwa, mwanangu ana njaa," akasema Siwatu. "Ni mgonjwa, zahanati walisema asikose cha mchana. Na kila siku anakosa. Mwenye shibe hamjui..."

"Hiyo methali, mama, imeondolewa vitabuni. Iko kwenye matengenezo. Na hilo neno njaa lina wenyewe, mimi si waziri wake. Mimi ni wa Furaha." Mheshimiwa akatia kinywani kasuku mmoja. "Nikupe methali inayofanya kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni nani hapa? Ni wewe na mwanao. Sasa mgeni asipokaribishwa, mwenyeji atapona vipi? Unadhani vijana hawa wanakula kwa raha? Wanakula ili mtoto wako apone! Halafu unawazuia, halafu unalalamika mtoto haponi! Nani sasa mkatili, mama? Nani?"

Siwatu alitafuta jibu. Alijua lipo, alijua liko karibu, lakini maneno yale yalikuwa yamezungushwa hivi hata yeye mwenyewe kwa kitambo akajiona kamkosea mtu. Akasema, "Nisamehe, Mheshimiwa." Alipojisikia akilisema alitamani kujipiga kofi.

Mheshimiwa akasamehe papo hapo, maana alikuwa mwepesi wa kusamehe. Akasema wiki ile kuna Siku ya Tabasamu la Taifa. Ingefanyika Misufini, shuleni kwa Tunu, na Tunu ndiye atakayekuwa Mtoto wa Mfano. Atasimama mbele ya umma, atamkaribisha Mheshimiwa mwenyewe, na mambo yatakuwa yamekwisha. Asipokaribisha, basi shule ya Misufini haina nafasi ya mtoto mchoyo, na shule nyingine yoyote ya Bwerere pia haina.

Nyumbani Siwatu alimkalisha mwanawe mapajani. "Tunu, ile siku ya sherehe, utamkaribisha mgeni."

Tunu akafikiri sana. "Mama, nishike lipi?"



*

Siku ya Tabasamu la Taifa watoto waliamriwa wafike mapema, matumbo matupu, ili furaha ionekane vizuri kwenye picha. Siwatu alijaribu kumlisha Tunu kabla ya kutoka. Mtoto alikuwa na woga, akala matonge mawili, la tatu likarudi. Alimsuka nywele mpya, akampeleka. Wazazi wakazuiwa nyuma ya kamba, watoto wakapangwa uwanjani juani, kila mmoja na kontena lake wazi kifuani. Kontena la Tunu lilikuwa zuri kuliko yote. Siwatu alikuwa ametia mule kila alichokijua: tembo wa wali, maboga, kuku wa nazi, embe limekatwa jua, na yai linacheka.

Mheshimiwa alichelewa. Jua likapanda. Nzi wakaja bila kukaribishwa, na hao angalau hawakuhutubia. Watoto walikuwa wanatazama chakula walichokishika wenyewe, na amri ilikuwa hakuna kugusa kabla ya mgeni rasmi. Mara moja Siwatu alimwona Tunu anayumba, akataka kuruka kamba. Askari akamwambia kwa heshima zote, "Mama, subiri furaha."

Msafara ukaja. Mheshimiwa akahutubia kuhusu mboga za majani. Akahutubia kuhusu matunda. Akalia kidogo, akapigwa picha. Mwisho akashuka jukwaani, uma wa dhahabu mkononi, akaja moja kwa moja kwa Mtoto wa Mfano. Siwatu alikuwa anaomba Mungu, na hakujua anaomba mtoto aseme au asiseme.

Tunu akanyanyua kontena kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu."

"Marahaba! Mmemsikia? Marahaba, binti wa taifa!"

Akala. Hakula kwa pupa, tusimsingizie. Alikula kwa utulivu, akieleza kila kipande kina faida gani mwilini mwa mtoto. Tembo kaenda, jua likaenda, yai likaenda na kicheko chake. Tunu aliufuata kila mchomo kwa macho, kutoka kontena kwenda mdomoni, na kurudi. Ilipobaki plastiki tupu, mpiga picha akamwambia, "Haya, Tunu, tabasamu!" Tunu akatabasamu, ulimi ukaonekana, halafu magoti yakamwachia akaenda chini.

Uwanja mzima ukashtuka, "Haa!" Siwatu akapita chini ya kamba, hakujua amepitaje. Kabla hajafika, daktari wa Wizara alikuwa keshapiga goti, kashika mkono wa mtoto, kainua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, msihofu! Nimempima. Huu ni usingizi wa shibe!"

Makofi yakalipuka. Watu walipiga makofi kwa faraja, wengine kwa woga, wengine kwa kuwa jirani kapiga. Bi Mkunde alipiga huku analia. Mwalimu Eufrasia alipiga huku anatazama chini. Siwatu alikuwa kamwinua Tunu begani, mtoto mwepesi, mdomo mkavu, anapumua haraka haraka, na Mheshimiwa akamsogezea kipaza sauti.

"Na sasa, mama mzazi. Neno moja la shukrani."

Nataka mwelewe, neno alikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kifuani tangu siku ya zile nywele: mwanangu hakushiba, mwanangu ana njaa, nyinyi ndio mmemla. Alifungua kinywa alitoe. Akawaona mbele yake wanafuta midomo, wamenyoosha mashati, wamesimama namna ile wageni wanavyosimama wakitaka kuaga. Naye alikuwa mtoto wa mama yake, na mama yake wa mama yake, na ulimi ukatangulia moyo.

"Karibuni tena," Siwatu akasema.

Uwanja ukapasuka kwa shangwe. Jioni ile redio ya taifa ililirudia neno hilo baada ya kila taarifa ya habari, na kila liliporudiwa Siwatu aliinamisha kichwa.

*

Alimbeba mwanawe mpaka nyumbani, akamlaza mkekani, akampangusa kwa kitambaa cha maji. Tunu alipofumbua macho, uji ulikuwa tayari, wa mahindi na soya kidogo, na sukari Siwatu hakuibania. Akaupoza kwa kumimina kikombe hiki na kile. Akamkalisha, akampa, akavuta kigoda akakaa mbele yake amwone akinywa.

Tunu akakishika kikombe. Akamwona mama yake anamtazama. Akakinyanyua kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

"Starehe, mwanangu. Nimeshiba. Kunywa."

Tunu hakunywa. Alibaki kakinyoosha kikombe, uji unamwagikia vidole, macho yake kwa mama yake, anasubiri. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyezoea, amalize kunywa yule anayetazama.

"Tunu, ni wako. Kunywa, mama."

"Ukimaliza," Tunu akasema.

Siwatu akafunika uso kwa kanga. Alilia bila kificho, kwa sauti, kama anavyolia mtu msibani. Kisha akaona kulia kwenyewe ni kumchelewesha mtoto. Akageuza kigoda, akampa Tunu mgongo, akaukodolea macho ukuta.

Halafu akasikia funda la kwanza. La pili halikufuata, na alijua mtoto kasimamisha kikombe, anachungulia kama kageuka. Siwatu hakugeuka.